Kuifikia kompyuta ya nyumbani ukiwa ng'ambo ya mpaka

Msafiri huweza kuvuka mpaka ndipo akakumbuka kwamba waraka anaouhitaji umebaki katika kompyuta nyumbani. Kwa kishikwambi na intaneti anaweza kuufungua bila kurudi, mradi awe amejiandaa kabla ya kuondoka.

Njia mojawapo ni Chrome Remote Desktop, programu ya Google isiyotozwa malipo. Mwenye kompyuta huiweka nyumbani kwa akaunti yake, kisha huchagua namba ya siri yenye tarakimu zisizopungua 6. Akiwa safarini, huingia kwa akaunti hiyo hiyo kwenye kishikwambi, na skrini ya kompyuta yake humtokea.

Kazi yenyewe hufanyika nyumbani. Kishikwambi hupokea picha tu na kupeleka miguso ya vidole. Hivyo kompyuta haina budi kubaki imewashwa na kuunganishwa na intaneti. Umeme ukikatika, au kompyuta ikiingia katika hali ya usingizi, haitaitika.

Jambo jingine husahaulika: akaunti inayolindwa kwa ujumbe wa simu huenda ikadai msimbo uliotumwa kwenye laini ya nyumbani. Aliyebadili laini mpakani asiitupe ile ya zamani.

Aidha, matapeli hupiga simu wakijifanya mafundi na kuomba msimbo wa kuingilia kompyuta. Anayewapa huwa amekabidhi ufunguo wa nyumba yake kwa mtu asiyemjua.