"FALL" SI KUANGUKA PEKE YAKE

Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba kitenzi cha Kiingereza "fall" maana yake ni kuanguka. Walimu hawakukosea, lakini mwenye kutosheka na maana hiyo moja atapotea njia mapema.

Shahidi wa kwanza ni askari. Uwanjani husikia "Fall in!", wala hapana anayetumbukia shimoni, wote hujipanga mstarini. Baadaye huja "Fall out!", naye hugeuka kulia na kuondoka. Ajabu ni kwamba maneno hayo ya pili yakivuka kizingiti cha nyumba hubadilika: bwana na bibi wakifanya "fall out" wamegombana, na hapo hakuna sajini wa kuwapanga upya.

"Fall asleep" ni kupitiwa na usingizi, "fall ill" ni kushikwa na ugonjwa, na "fall in love" bila shaka vijana wanaijua. Aliyechelewa kulipa kodi ya nyumba husemwa kwa "fall behind". Sikukuu nayo huangukia Jumapili kwa Kiingereza kama kwetu. Ila mtihani, la! Sisi husema kijana ameanguka mtihani, lakini Kiingereza hutumia "fail", kitenzi kingine kabisa. Nilipokuwa nikifundisha nililisahihisha kosa hili kila muhula.

Iliyo nzito kuliko zote ni "fallen". Ikitajwa juu ya mtu aliyekuwa vitani, maana yake ameuawa. Ndiyo sababu minara ya kumbukumbu ya askari huandikwa "the fallen".

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alifika ofisini nilikofanya kazi, mkononi ana barua ya Kiingereza kuhusu mwanawe askari. Mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa amemsomea: ameanguka. Mama alikuja na kikapu chenye unga wa uji na dawa ya kuchua, akauliza mwanawe amelazwa hospitali gani, na kama aliumia mguu au mkono.

Niliisoma barua ile mara mbili. Nikamwomba akae kwanza, nikaenda kumtafuta mwenzangu aliyejua lugha ya kwao.

Tangu siku hiyo, barua ya namna ile ikipita mezani pangu, huambatisha karatasi ya Kiswahili juu yake.