Mkwaju, mti ulio peke yake katika jenasi

Mkwaju ndio mti pekee wa jenasi ya Tamarindus. Spishi yake moja, Tamarindus indica, ilipewa jina hilo na Carl Linnaeus mwaka 1753. Jina linataja India, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha ukwaju, ila asili ya mti ni Afrika ya kitropiki. Ni wa jamii ya mikunde, tawi moja na miombo na mitundu inayofunika sehemu kubwa ya magharibi mwa Tanzania.

Malangali, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, si mahali pake. Uwanda wa Ufipa hapo uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mkwaju hustawi chini ya mita 1,500 hivi. Anayeteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Bonde la Ziwa Rukwa, lililo karibu mita 800, huingia kwenye joto na ukame ambao mti huu huuvumilia vizuri, kwa kuwa mizizi yake huzama chini sana.

Ua lake wengi hulipita bila kulitazama, na ni hasara. Ni dogo, la manjano hafifu lenye mishipa myekundu. Petali tatu ndizo zinazoonekana. Mbili nyingine zimesinyaa zikabaki kama nyuzi. Stameni zenye chavua nazo ni tatu tu.

Tunda likikomaa, ganda la kahawia huvunjika kwa vidole. Ndani mna nyama yenye kunata, imeshikwa na nyuzi ngumu, ikizunguka kokwa zinazong'aa. Uchachu wake hutokana na asidi ya tartariki, ileile ya zabibu. Mpishi huloweka ukwaju, huufikicha na kuuchuja, akapata rojo la mchuzi wa samaki, juisi au urojo wa Unguja.

Kaskazini mwa Ufipa, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, uko mkwaju karibu na Ziwa Katavi unaoheshimiwa kwa sababu nyingine. Wabende husimulia kwamba humo hukaa mzimu wa Katabi, ambaye hifadhi imeitwa kwa jina lake, na wanaoomba baraka huweka sadaka shinani.

Mkwaju uliooteshwa kwa mbegu huchukua miaka 7 au zaidi kuanza kuzaa, kisha huzaa kwa miaka 50 na kuendelea. Kuukata kwa ajili ya mkaa ni hasara tupu.