Kisu Chini ya Godoro

Mume wangu alikinunua kwa ajili ya wezi. Mimi nikakiogopa kuliko wezi wenyewe. Ilibidi twende hadi Mbulumbulu ndipo tukajua ni kisu gani kinafaa kukaa ndani ya nyumba yetu.

Kina dada wakikutana huulizana kuhusu viatu, pochi na nywele. Lakini mwenzenu ukiniuliza leo ni kitu gani nakipenda kuliko vyote ndani ya nyumba, nitakujibu bila kuona haya: kisu. Tena si kile cha dukani chenye boksi la kupendeza. Ni kisu kifupi, cheusi kwa moshi, kilichofuliwa kutokana na springi ya gari. Ukitaka kujua kwa nini, ngoja nianze na ugomvi, maana yote yalianzia huko.

Jumamosi moja nilikuwa natandika kitanda nyumbani kwetu Dar es Salaam. Nikainua godoro upande wa mume wangu. We acha tu! Nikakutana na kisu kirefu, cheusi tii, kina meno ya msumeno, kama vile vya makomando wa kwenye sinema. Jirani yetu alikuwa ameibiwa wiki mbili nyuma. Mwenzangu hakuniambia kitu, akaenda kimya kimya kununua ulinzi. Bei yake ni shilingi 180,000, na ada ya chekechea ya binti yetu ilikuwa bado hatujaimaliza.

Nikalia. Si kwa ajili ya hela tu.

"Nakulinda wewe na mtoto," akaniambia. "Sasa unaogopa nini?"

Nilishindwa kumjibu. Usiku ule tulilala mzungu wa nne, na kisu kikabaki palepale.

KWA WAKWE, MBULUMBULU

Desemba ikafika, tukaenda kwao. Kwa wasiopajua, Mbulumbulu iko wilaya ya Karatu. Ukitoka Arusha unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, unaupanda ukingo wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto, kisha unaacha lami na kuingia vumbi. Ni nchi ya udongo mwekundu, mashamba ya ngano, mahindi na maharage, msitu wa Ngorongoro upande mmoja na ukingo wa bonde upande mwingine. Asubuhi ni baridi, na chai ya maziwa huko ina utamu wake. Wenyeji wengi ni Wairaqw, ambao watu wengi wamezoea kuwaita Wambulu.

Mume wangu, bila aibu, alikuwa amekifungasha kisu chake ili akawaonyeshe ndugu zake. Nafasi ikapatikana siku ya pili, mbuzi alipochinjwa kwa ajili yetu.

"Haya, lete hilo la makomando tulione," baba mkwe akasema.

Basi bwana, aibu iliyotupata! Ubapa ulikuwa mnene mno, haupiti kati ya ngozi na nyama. Yale meno yakanasa. Akivuta, ngozi inachanika. Baada ya dakika kumi ngozi ilikuwa na matundu matatu, na mashemeji wanajikaza wasicheke mbele ya mgeni, yaani mimi.

Mzee hakucheka. Alichomoa kisu chake kiunoni, kifupi, kimechakaa mpini, akaanza upande wa pili. Ngozi ilitoka kama mtu anavua shati.

Nikamsogelea. "Baba, hiki mmekipata wapi?"

"Mang'ola, mwanangu, kwa Mang'ati. Mume wako alikuwa bado hajaanza shule." Akakifuta kwa jani, akamgeukia mwanawe. "Kisu cha kupigana unakihitaji siku moja, tena Mungu aiepushe. Cha kazi unakihitaji kila siku. Sasa wewe unalala na kipi?"

Mume wangu akatazama chini. Sijui nani alimwambia mzee habari za godoro. (Sawa, ni mimi. Nilimwambia mama mkwe.)

CHUMA KINACHOPOA GHAFLA

Siku ya tatu shemeji akatupeleka Mang'ola. Unashuka kutoka Karatu kuelekea Ziwa Eyasi, baridi inakwisha, joto linaanza, na mashamba ya vitunguu yanatanda. Huko ndiko wanakoishi wahunzi wa Kidatoga, ambao mtaani wanaitwa Wamang'ati. Kufuli na koki kuukuu za shaba wanaziyeyusha ziwe bangili. Misumari wanaifua iwe vichwa vya mishale, na majirani zao Wahadzabe, wawindaji wa bonde lile, huvichukua kwa kubadilishana na asali.

Sisi tulikwenda na kipande cha springi ya gari. Shemeji alinieleza kwa nini kisiwe chuma chochote tu. Springi imetengenezwa ipinde na kurudi bila kukatika, na ndani yake kuna kaboni ya kutosha, kama asilimia 0.6. Msumari una kaboni kidogo sana. Ukiufua utapata umbo la kisu, lakini makali hayakai. Springi makali yake yanakaa.

Kijana mmoja akapuliza moto kwa viriba vya ngozi ya mbuzi. Chuma kikawa chekundu, nyundo ikaanza kazi. Kikapata umbo, kikasuguliwa kwa tupa, kikarudi motoni. Mhunzi alikuwa anaangalia rangi tu. Ukitumia sumaku, utaona chuma kikifika kama nyuzi joto 770 sumaku haishiki tena, na hapo unakaribia. Akakitosa ghafla kwenye mafuta. Shwaa!

Nikadhani kimekwisha. Kumbe bado.

"Sasa hivi ni kigumu sana," mhunzi akasema, "kikianguka kwenye jiwe kitavunjika kama chupa." Akakirudisha karibu na moto, si ndani, kikapata joto la pole pole. Hatua hiyo inapunguza ugumu kidogo na kukipa uvumilivu. Kisu kigumu kupita kiasi hakidumu.

Nikamtazama mume wangu, naye akanitazama. Wiki zile za kununiana tulikuwa kama chuma kilichotoka kwenye mafuta: kigusa kidogo, vipande.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia nilichoshindwa kukisema siku ile. Nilipokuwa na miaka tisa, nyumba ya jirani yetu walikuwa wanagombana juu ya chakula cha jioni. Jambo dogo tu. Kisu kilikuwa karibu na mkono. Yule mama hakufa, ila mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena vizuri. Usiku ule hapakuwa na mwizi yeyote.

Alinyamaza mpaka tulipoanza kupanda kurudi Karatu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia kwamba unaogopa?"

Ndipo akakiri. Tangu jirani aibiwe alikuwa halali, anasikiliza geti. Mwanaume mzima, baba wa mtoto, akaona haya kusema naogopa, akaenda kununua chuma badala ya kusema.

VISU VINGINE NILIVYOVIFIKIRIA

Sikutaka kupenda kisu kimoja kwa sababu ya mapenzi ya wakwe tu. Kwa hiyo nikakipima na wenzake.

Kisu cha komando. Maarufu kuliko vyote pengine ni Ka-Bar, kilichoanza kutumiwa na wanamaji wa Marekani mwaka 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia. Ubapa wake ni kama sentimita 18. Ni kisu kizuri kwa kazi yake: kupigana, kuchimba, kufungua makopo na maboksi ya risasi. Mimi maboksi ya risasi sina.

Sime. Hii ni fahari ya Wamasai, wenyewe wanaiita olalem. Ina makali pande zote mbili, nyembamba karibu na mpini na pana kuelekea nchani, ndiyo maana uzito wake unakwenda mbele na inakata matawi vizuri. Hukaa kwenye ala ya ngozi nyekundu. Morani anaimudu. Mimi nikimenya nayo kitunguu nitajikata, maana sina pa kuwekea kidole gumba.

Jambia. Mkienda Zanzibar harusini mtamwona bwana harusi na joho na jambia lake kiunoni, na ndugu yake, khanjar, yumo kwenye bendera ya Oman. Limepinda, limenakshiwa fedha, linapendeza. Lakini ni pambo la heshima. Halimenyi viazi.

Mora. Hivi ni visu vya mji wa Mora, Sweden, ambako kiwanda cha Frosts kilianza mwaka 1891. Ubapa mfupi wa kama sentimita 10, mpini wa kawaida, bei ya chini. Watu wanaolala porini duniani kote wanavipenda. Hapo nikafurahi, maana Msweden na baba mkwe wa Mbulumbulu, ambao hawajawahi kukutana, wamefikia jibu moja: kifupi, chembamba, hakikunjwi, hakina mbwembwe.

Changu ndicho hicho. Ubapa sentimita 11, mpini wa mti wa loliondo, ala ya ngozi ya ng'ombe. Gharama yote na mpini ilikuwa shilingi 15,000.

KABLA HUJANUNUA, ANGALIA HAYA

1. Kazi kwanza. Andika mambo matatu uliyokata wiki hii. Kama ni nyanya, kamba na nyama, huhitaji kisu cha vita.

2. Ubapa upite ndani ya mpini mpaka mwisho. Kisu kisichokunjwa sifa yake ni kutokuwa na kiungo cha kulegea. Kama chuma kimeishia katikati ya mpini, sifa hiyo imepungua.

3. Unene. Ubapa mnene unapasua, mwembamba unakata. Jikoni na kwenye mbuzi unataka kukata.

4. Achana na meno ya msumeno. Kuyanoa ni kazi. Makali yaliyonyooka unayanoa mwenyewe kwa jiwe, umekilaza kisu kwa kama nyuzi 20, pande zote sawasawa.

5. Kubali kukitunza. Chuma cha springi kinashika kutu. Osha, futa, paka mafuta ya kupikia kidogo. Kisu kisichoshika kutu ni rahisi kutunza, hivyo kama wewe ni mvivu wa kufuta, chagua hicho na wala usione haya.

Na ukisafiri kwa ndege, kiweke kwenye begi linalokaguliwa na kupakiwa chini, si la mkononi. Usije ukamwachia afisa wa uwanja zawadi.

SHERIA ZA NYUMBA YETU

Tuliporudi Dar tulikaa mezani tukaandika. Kisu kinakaa jikoni, ndani ya ala, rafu ya juu ambayo binti yetu haifikii. Chumbani hakiingii, hata siku ya hofu. Tukianza kubishana jikoni, mwenye kisu anakiweka chini kwanza, ndipo anajibu. Kuhusu wezi, tuliongeza komeo, tukaweka taa ya nje, tukabadilishana namba za simu na majirani na mjumbe. Na anayeogopa anasema.

Kile cheusi bado tunacho. Kinakaa kwenye boksi la vifaa pamoja na nyundo na bisibisi, na kwa kweli kinafungua makopo ya rangi vizuri sana. Ada ya mtoto tulimaliza mwezi wa pili.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Zamani nilikuwa nadhani ni methali ya wababe. Siku hizi nasikia neno "kikali" tu: kilichonolewa, kilichotunzwa, kinachotumika kila siku.

Nilisahau jambo moja. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya wana imani kwamba ukimpa mpenzi wako kisu, utakuwa umekata uhusiano, ila kama naye atakulipa sarafu, basi amekinunua na hakuna kilichokatika. Mume wangu ndiye aliyemlipa mhunzi pale Mang'ola, na ndiye aliyenikabidhi kisu. Nikapekua pochi, nikampa sarafu ya shilingi 200.

Hajaitumia mpaka leo. Iko kwenye kidroo chake cha kitandani, pale ambapo kila usiku mkono wake ulikuwa unapapasa kutafuta kisu.