Magari Yanapopashana Habari

Mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea sura ya tasnifu kuhusu magari yanayowasiliana. Alikuwa ameandika 'urutishaji wa data'. Nikamuuliza, "Hilo neno mama yako atalielewa?" Akacheka tu.

Nikamsimulia safari yangu kutoka Wajir kwenda Griftu, msimu wa mvua. Simu zetu hazikuwa na mtandao. Lori lililotoka mbele likatumulikia taa, dereva wetu akasimama. Wakasalimiana Kisomali, "iska warran", yaani toa habari zako. "Laga imejaa, mzee, msiingie," akasema yule wa lori. Laga ni mkondo mkavu, lakini maji yake huja ghafla na kusomba hata lori. Tukasubiri.

Magari ya kisasa hufanya vivyo hivyo kwa redio. Kila gari hutangaza lilipo, kasi yake na linakoelekea, takriban mara 10 kwa sekunde, kwenye masafa ya gigahezi 5.9 ambayo Marekani iliyatenga kwa kazi hiyo mwaka 1999. Mawimbi hayo hufika mita mia kadhaa tu. Ujumbe wa kwenda mbali hulazimika kupokezwa: gari hili hulikabidhi lile, nalo hulikabidhi la tatu, kama wakimbiaji na kijiti chao. Basi neno tunalo: upokezanaji.

Nairobi, penye msongamano, kijiti hakikosi mkono. Njia ya Griftu waweza kwenda muda mrefu usikutane na gari. Hapo gari huuhifadhi ujumbe, hutembea nao, kisha huukabidhi likikutana na jingine. Wahandisi hukiita chombo cha namna hiyo baghala wa data (wengi husema nyumbu, sawa tu). Kaskazini Mashariki tungesema ngamia. Si ndiye aliyeanza kubeba vitabu vya maktaba ya taifa huko Garissa mwaka 1996?

Ila habari ikichelewa huoza. Anayeambiwa leo kwamba laga ilikuwa kavu jana yumo hatarini kuliko asiyeambiwa kitu, maana huyu wa pili angalau atashuka aangalie. Ndiyo sababu kila ujumbe hubeba saa ulipotumwa, pamoja na sahihi ya kidijitali ili mhuni asitangaze mafuriko yasiyokuwepo. Dereva wa lori hakuhitaji sahihi. Matope yalikuwa bado yanadondoka kwenye magurudumu yake.

Mwanafunzi amelikubali 'upokezanaji'. Sasa tunabishana kuhusu 'pakiti': yeye anataka kifurushi, mimi sijashawishika.