Madoa Meusi Usoni: Soma Kopo Kabla ya Kupaka

Chunusi au upele ukipona, mara nyingi huacha doa jeusi. Ngozi iliyoumia hutengeneza rangi kupita kiasi, na jua huizidisha. Doa hilo si uchafu; ukilisugua, huongezeka.

Viambato vinavyosaidia ni asidi ya azelaiki, niasinamidi na vitamini C. Hufanya kazi polepole, kwa miezi, si kwa siku. Lakini bila kofia, mwavuli au krimu ya kukinga jua, doa hurudi.

Jihadharini na mkorogo. Zebaki hung'arisha upesi, lakini hupenya mwilini, huharibu figo na humfikia mtoto aliye tumboni. Kwenye kopo huenda ikaandikwa mercury au calomel. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kuacha weusi usiofutika. Krimu za steroidi nazo huifanya ngozi iwe nyembamba. Aliyezizoea asiache ghafla, bali aende hospitali apate ushauri.

Kopo lisiloonyesha viambato vyake, msilinunue. Na doa linalokua, kubadilika au kutoa damu, lionyesheni kwa daktari mapema.