Leseni yenye alama na kazi ya ambulensi: yale ambayo dereva haelezwi kortini

Kila kaunti za huku kwetu Pwani zinapotangaza nafasi za madereva wa ambulensi, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni vijana wa matatu na malori, na swali lao ni lile lile: "Mzee, mimi niliwahi kupelekwa kortini kwa kesi ya trafiki. Nikituma maombi nitachukuliwa?" Niliendesha ambulensi miaka 16 kati ya Kilifi na Mombasa, na siku hizi huitwa kukaa kiti cha kushoto madereva wapya wanapojaribiwa barabarani. Nimeona afadhali niandike mara moja kuliko kurudia maneno yale yale kila jioni.

Jibu fupi ni kwamba inategemea ulishtakiwa kwa kosa gani, ulijibu nini mbele ya hakimu, na hakimu aliamuru nini kuhusu leseni yako. Hilo la mwisho ndilo wengi hawalijui kabisa.

Chukua tangazo lolote la kazi ya udereva serikalini, liwe la kaunti au la serikali kuu. Utakuta wanataka cheti cha KCSE, mara nyingi alama ya D, cheti cha tabia njema, mtihani wa serikali wa kupima ufaafu wa dereva, na cheti cha huduma ya kwanza cha mafunzo ya angalau wiki moja kutoka St John Ambulance au taasisi nyingine inayotambuliwa. Halafu kuna sentensi moja ambayo vijana huiruka wakikimbilia kwenye mshahara: leseni iwe halali kwa daraja la gari utakaloendesha, na isiwe na alama ya hatia inayoendelea kutumika. Sentensi hiyo ndiyo huangusha watu hata kabla hawajaitwa kwenye mahojiano.

Alama yenyewe ni nini? Mahakama ikikutia hatiani kwa kosa la barabarani, sheria ya trafiki inaipa uwezo wa kuamuru maelezo ya hatia hiyo yaandikwe kwenye leseni yako. Enzi za kile kijitabu chekundu, yaliandikwa humo humo na mwajiri akifungua anayaona. Leseni za kadi zilipoanza kutolewa mwaka 2017 mambo yakahamia kwenye mitambo ya NTSA. Kuna waliodhani dawa ni kuripoti leseni imepotea, wapewe mpya iliyo safi. Haisaidii. Hatia haikai kwenye karatasi wala kadi, inakufuata wewe mwenyewe hadi kwenye leseni mpya.

Watu pia huchanganya rekodi hii na nyingine. Unaposema "rekodi yangu", unaweza kuwa unazungumzia mambo manne yasiyokaa nyumba moja. Kuna ya leseni, iliyo NTSA. Kuna ya alama za vidole, iliyo kwa wapelelezi wa DCI, na hiyo ndiyo hutoa cheti cha tabia njema. Kuna faili ya kesi kortini, iwe Mombasa, Shanzu, Mariakani, Kwale au Kilifi. Na kuna ile ambayo haiko kwenye faili lolote rasmi, nayo ni yale anayosema tajiri wako wa zamani akipigiwa simu, pamoja na madai ya ajali yaliyowahi kupelekwa kwa kampuni ya bima. Nimekutana na dereva mwenye cheti cha tabia njema kilicho safi kama maji ya mvua, na bado leseni yake ikamkwamisha. Nimeona pia wa kinyume chake. Kwa hivyo mtu akikuambia "DCI wamenisafisha", hajakwambia habari yote.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma. Madereva wengi wa matatu na malori hawakupata hatia zao kwa sababu ya kesi iliyosikizwa. Walizipata kwa kukubali makosa ili warudi kazini mapema.

Kuna kijana mmoja wa Mshomoroni ninayemfahamu vizuri. Alikuwa akiendesha lori dogo la kusambaza soda, akagongana kidogo na tuktuk pale karibu na soko la Kongowea. Hakuna aliyeumia. Akashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu. Kwa maelezo yake, tuktuk ndiyo iliyomkatia njia, na alikuwa na mashahidi wawili. Lakini asubuhi ile tajiri alimwambia akubali, faini italipwa, gari linahitajika barabarani kabla ya adhuhuri. Akasema "ni kweli" mbele ya hakimu, faini ikalipwa, akatoka. Tajiri akapata lori lake siku ile ile. Kijana akabaki na hatia. Baadaye alijilipia mafunzo ya huduma ya kwanza kwa akiba yake mwenyewe, akaomba kazi ya ambulensi mara mbili, na mara zote mbili jina lake halikutokea kwenye orodha.

Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema hivi: mtu akitiwa hatiani baada ya kukubali kosa, hawezi kukata rufaa kupinga hatia yenyewe. Anaweza tu kulalamikia adhabu, kwamba imezidi au haikufuata sheria. Aliyekana na kesi ikasikizwa ana siku 14 za kukata rufaa dhidi ya hatia na adhabu pia. Maneno mawili ya haraka asubuhi ya Jumatatu hufunga mlango huo. Sisemi kila mtu akane. Aliyekosa na akubali. Ninasema dereva ajue anachokitoa anapokubali, maana tajiri anatoa pesa tu.

Dhamana nayo ina mtego wake. Unakamatwa, unaweka pesa taslimu kituoni, unapewa risiti na tarehe ya kufika kortini. Wengi huchukulia ile pesa ndiyo faini, wakaenda zao. Siyo faini. Usipofika, pesa inachukuliwa na hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata, na hati hiyo haizeeki kwa sababu wewe umeisahau. Fikiria unaitwa kuchukua barua ya kazi huku unatafutwa na korti.

Makosa yenyewe hayana uzito sawa, na hapa naongea kama mtu aliyekaa na wanaochagua. Faini ndogo ya kutofunga mkanda au kuzidisha spidi kwa kilomita chache haimnyimi mtu kazi, ikiwa ni moja. Zikiwa sita kwa miaka miwili, mtu anayesoma ataanza kukuna kichwa, maana hapo haoni tena bahati mbaya, anaona tabia. Kuendesha ukiwa umelewa ni habari nyingine. Sheria inaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka 2, lakini kwa ambulensi adhabu ya kweli ni kwamba hakuna daktari mkuu atakayetia sahihi ukabidhiwe mgonjwa wake. Na kusababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari, kosa ambalo kifungo chake hufika miaka 10, huja na kufutiwa leseni na kuzuiwa kupata nyingine kwa miaka 3. Huyo hana leseni ya kuombea kazi hata akitaka.

Kuna wanaoniuliza kwa nini ambulensi iwekewe masharti makali hivyo ilhali kazi yake ni kukimbia. Wanaouliza hivyo hawajawahi kukaa nyuma. Sheria ya trafiki kweli inairuhusu ambulensi kupita kiwango cha spidi ikiwa kukifuata kutazuia kazi inayofanya wakati huo. Lakini sheria hiyo hiyo inasema ruhusa haimkingi dereva anayeendesha kwa fujo au kwa njia ya kuhatarisha watu. King'ora ni ombi la kupishwa. Ukiingia mzunguko wa barabara kwa kasi na bodaboda hakukusikia, utasimama kizimbani kama dereva mwingine yeyote, na mgonjwa wako atakuwa bado hajafika.

Halafu kuna bima. Mwajiri wa ambulensi, awe kaunti, hospitali ya kibinafsi au shirika, lazima gari liwe na bima, na kampuni ya bima huuliza nani atashika usukani. Dereva mchanga au mwenye ajali nyuma yake huongeza gharama, au humfanya mwenye gari abebe sehemu kubwa zaidi ya hasara ajali ikitokea. Mhasibu hamjui huyo kijana wa Mshomoroni. Anaona tarakimu tu. Hii ndiyo sababu hospitali ndogo za kibinafsi, ambazo watu hudhani hazina masharti, wakati mwingine ni kali kuliko serikali: gari lao ni moja, likilala gereji hakuna la pili.

Barabarani ndiko tunakomaliza ubishi. Tunapomjaribu dereva, sitazami kama anaweza kukimbia. Kila mtu anaweza kukimbia. Namwekea ndoo ya maji nusu nyuma ya gari, kisha namwambia anipeleke kutoka Mtwapa hadi Kilifi kana kwamba nyuma kuna mama mwenye uchungu na muuguzi amesimama akimshika. Barabara ile ina matuta, ina malori, ina matatu zinazosimama popote abiria anapopunga mkono. Dereva aliyezoea kukanyaga breki ghafla ili kuwahi abiria hujulikana kabla hatujafika Kikambala. Tukisimama, natazama maji yaliyobaki kwenye ndoo. Wapo wenye leseni safi kabisa waliofika na ndoo kavu, na wapo wenye alama ya zamani waliofika na maji karibu yote. Hao wa pili wananisumbua moyo, kwa sababu mara nyingi ni karatasi inayoamua.

Na hapa nitasema wazi, wakubwa wakasirike wakitaka. Bodi za ajira zikipokea mamia ya maombi, njia rahisi ni kutupa kila leseni yenye alama bila kusoma imetokana na nini. Aliyegusa tuktuk Kongowea anatupwa kapu moja na aliyelewa akaendesha. Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na kwa mtu wa Bamba au Lunga Lunga matibabu hayo huanza na dereva. Tunahitaji madereva walio bora, na walio bora hawapatikani kwa kutazama kisanduku kimoja kwenye fomu. Bodi isome shtaka, itazame miaka iliyopita tangu hapo, kisha imjaribu mtu barabarani. Hapo hapo niseme pia sitaki upole wa kijinga. Mwenye rekodi ya pombe asikabidhiwe ufunguo wa ambulensi kwa sababu mjomba wake anamjua mkubwa fulani. Hilo nalo hutokea, na linatuumiza zaidi kuliko ukali.

Kwa aliye na alama tayari, mambo hayajaisha. Sheria ina njia ya kuomba leseni isiyo na alama baada ya kipindi kupita bila hatia nyingine, na muda uliozuiwa kuendesha hauhesabiwi ndani ya kipindi hicho. Anza kwa kuingia kwenye akaunti yako ya eCitizen uone NTSA wameandika nini juu yako, daraja za leseni na tarehe zake. Makosa ya uandishi yapo, na ni wewe utakayeumia usipoyaona. Cheti cha tabia njema nacho huombwa kwenye eCitizen, kisha unapelekwa kuchukuliwa alama za vidole. Usiombe mapema mno, kwa kuwa waajiri hupenda kilichotolewa karibuni.

Wakati unasubiri, usikae bure. Chukua mafunzo ya huduma ya kwanza na ya udereva wa kujihami. Ukiweza, soma hata udaktari wa dharura wa ngazi ya kwanza, kwani siku hizi waajiri wengi wanapenda dereva anayeweza kusaidia nyuma pia. Kuna walioingia kwa mlango wa uani: wakaajiriwa madereva wa magari ya kawaida ya idara ya afya, wakabeba chanjo na dawa miaka miwili mitatu bila mkwaruzo, kisha nafasi ya ambulensi ikitokea wakawa tayari wanajulikana.

Fomu ikikuuliza kama umewahi kutiwa hatiani, jibu ukweli. Ukificha ikagunduliwa, utafukuzwa kwa uongo hata kama kosa lenyewe lingesamehewa. Yule kijana wa Mshomoroni nilimwambia aambatanishe barua fupi ya kueleza kilichotokea, tarehe, na kwamba tangu siku ile hana kesi nyingine, pamoja na nakala ya uamuzi wa korti. Kama kesi yako iliondolewa au uliachiliwa, nakala hiyo ndiyo ngao yako, maana wapo wanaosikia "alishtakiwa" wakaelewa "alifungwa". Nakala huombwa kwenye masjala ya mahakama iliyosikiza kesi, ukiwa na namba ya kesi au angalau tarehe uliyofika mbele ya hakimu. Faili la miaka mingi huchukua siku kadhaa kutafutwa, na matangazo ya kazi huwa na wiki mbili tu, kwa hivyo nenda masjala sasa, tangazo likukute na karatasi mkononi.