Je, gazi inarudi?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba zetu, kabla ya kupanda kamyo tumezoea kumwuliza dereva: "Breki iko?" Sijasikia hata mara moja mtu akiuliza: "Gazi inarudi?" Leo tuongee juu ya hilo, kwa maana magari ya zamani yangali mengi hapa Goma na mafundi huyatengeneza kwa vile walivyopata.

Mguu unasukuma pedali. Pedali inavuta fimbo au kamba ya waya, nayo inafungua mlango wa kabureta, au inasogeza mkono wa pompu kama injini ni ya mazutu. Ukiondoa mguu, resori inarudisha vyote. Angalieni vizuri: mguu hauwezi kufunga gazi. Anayefunga ni resori peke yake. Ikikatika, au kitu kikikwama njiani, injini inaendelea kukimbia hata kama dereva amekunja miguu.

Fundi akitengeneza upya, anachagua fimbo au kamba. Fimbo ni ngumu na haijali vumbi. Lakini upande mmoja imeshikwa na bodi, upande wa pili imeshikwa na injini, na injini inakaa juu ya mipira. Sisi tunatembea juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na mtikisiko wa barabara za namna hiyo unapasua mipira. Mpira ukikatika, injini inainuka wakati wa kuvuta mzigo, inavuta fimbo, gazi inafunguka zaidi, na injini inazidi kuinuka. Si hadithi ya garaji. Mwisho wa mwaka 1971 General Motors ya Marekani iliita Chevrolet zaidi ya milioni 6 zirudi kutengenezwa kwa sababu ya mipira hiyo.

Kamba ndani ya ganda lake inajikunja tu injini ikicheza. Mimi ningechagua kamba, lakini kamba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimeona kamba ya breki ya baiskeli imefungwa kwenye gari la watu tisa! Nyuzi zake hukatika mmoja mmoja, unaokatika unasimama kama mwiba ndani ya ganda, na siku moja kamba inakubali kwenda, inakataa kurudi.

Huko Marekani kuna watu wanaoshindana kwa magari ya nguvu nyingi katika njia iliyonyooka ya mita 400 hivi. Chama chao, NHRA, kiliundwa mwaka 1951, na sheria zake juu ya gazi ni kali. Resori lazima ishikwe kwenye mkono wa kabureta wenyewe. Kwa nini si kwenye pedali? Kwa sababu fimbo ikichomoka katikati, resori ya pedali itarudisha pedali tu, na kabureta itabaki wazi. Tena lazima kiwepo kizuizi, mkono usipite mstari wake. Ukipita, resori ile ile inaushikilia wazi badala ya kuufunga. Kamba ya choki hairuhusiwi, wala kamba yenye ncha ya kuchomelea. Na fimbo zikibadilishwa, pedali iwe na mahali pa kuingiza kidole cha mguu, dereva aweze kuivuta nyuma. Wao wana njia tupu mbele yao. Sisi tunateremka kutoka Masisi kwenda Sake na watu nyuma, na sokoni kuna watoto.

Kipande cha mpira wa tairi si resori. Asubuhi kinavuta, lakini joto la injini linakilegeza. Wekeni resori mbili, moja ikikatika nyingine ibaki.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Injini imezimwa, mmoja akanyage gazi mpaka chini, mwingine aangalie kwenye injini. Aachie ghafla. Mkono urudi kwa mshindo, si polepole. Kisha mtingishe injini kwa kipande cha mti kuona kama mipira yake ni mizima. Na kapeti mliyotandika kwa urembo, iondoeni karibu na pedali: mwaka 2009 Toyota iliita mamilioni ya magari Marekani kwa sababu ya kapeti kama hiyo.

Na ikikwama safarini? Dereva akanyage amblayaji kwanza. Injini italia sana, iacheni ilie. Akanyage breki mara moja kwa nguvu na kuishikilia, asiipige-pige. Halafu azime. Gari la petroli, azungushe ufunguo bila kuuchomoa, usukani usije ukafungwa. Lakini mazutu ya zamani nyingi hazizimwi na ufunguo. Zina kamba yake ya kuzimia, yenye kishikio cha kuvuta karibu na usukani, na mara nyingi kishikio hicho kimekatika miaka mingi, dereva anazima kwa kuachia amblayaji ndani ya gia. Kesho asubuhi, mwambie akuonyeshe kilipo, na akivute mbele yako.